Fisi Hana Dhambi: Maajabu ya Muumba Katika Nchi ya Simiyu

Fisi ameumbwa na miguu ya mbele mirefu kuliko ya nyuma. Mgongo wake huteremka kuelekea mkiani, kichwa huinama, na hata akiwa mzima kabisa hutembea kama mtu aliyeumia nyonga. Watu wa Afrika Mashariki wamemwona hivyo tangu zamani, nao hawakuuacha mwendo huo upite bure. Wakasimulia kwamba siku moja fisi alifika njia panda, akanusa nyama upande wa kushoto, akanusa nyama upande wa kulia, akashindwa kuchagua. Akatia mguu huku na mguu huku, akazifuata njia zote mbili kwa pamoja mpaka akapasuka msamba. Katika ngano za namna hii mwili hulipa deni la tamaa, na deni hilo hurithiwa na uzao mzima.

Hii ni kazi kongwe ya fasihi. Dhambi haionekani kwa macho. Tamaa haina rangi, husuda haina harufu, uongo hauna uzito mkononi. Mtunzi anayetaka mtoto aione dhambi hana budi kuitafutia mwili, na mwili ulio karibu ni ule wa kiumbe anayejulikana na kila mtu. Basi akamkopa fisi mwendo wake, nyoka tumbo lake, kobe gamba lake, nyani sura yake, jabali ukimya wake. Akaviandika juu yao visa vya binadamu.

Nchi ya Simiyu ina viumbe hao wote. Mkoa huu uliundwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Shinyanga na sehemu ya Mwanza, nao una wilaya za Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu, makao makuu yakiwa mjini Bariadi. Upande wa Busega unagusa maji ya Ziwa Victoria. Mashariki kuna Pori la Akiba la Maswa, linalopakana na Serengeti. Kusini, Meatu inaelekea bonde la Ziwa Eyasi. Mtoto aliyelelewa kwenye vijiji vya mpakani mwa pori hahitaji picha kitabuni ili amjue fisi. Anamsikia usiku akiwa kitandani. Na pale kwenye shikome, moto wa jioni ambao wazee wa Kisukuma waliuwasha uani ili kuwafunda vijana, sauti ya msimulizi na sauti ya fisi ziliweza kusikika kwa wakati mmoja.

Tuzitazame alama hizo za dhambi na adhabu mara mbili: kwanza kwa jicho la msimulizi, kisha kwa jicho la mtu anayeistaajabia kazi ya Muumba, ambaye wahenga wa Usukumani walimwita Liwelelo.

Mwendo wa fisi

Msimulizi anasema fisi ni mlafi aliyeadhibiwa. Sasa mtazame fisi madoa wa Serengeti alivyo.

Miguu ile isiyolingana na mabega yale mazito humwezesha kukimbia mwendo mrefu bila kuchoka na kubeba kipande kikubwa cha mzoga akiwa ameinua shingo. Mtafiti Hans Kruuk, aliyefanya kazi Serengeti na Ngorongoro katika miaka ya 1960 na kuchapisha kitabu chake mwaka 1972, aliwafuatilia usiku kucha na kugundua kwamba fisi ni mwindaji hodari. Ndani ya Ngorongoro mara nyingi simba ndiye aliyekuwa akila mawindo yaliyouawa na fisi. Ukoo wa fisi huongozwa na majike, na binti hurithi cheo cha mama yake.

Ajabu kubwa zaidi ni safari ya mama. Marion East na Heribert Hofer, waliowachunguza fisi wa Serengeti kuanzia mwaka 1987, walionyesha kwamba nyumbu wanapohama, fisi jike mwenye watoto huwaacha pangoni, husafiri kilomita makumi kuwafuata nyumbu, hula, kisha hurudi njia ileile kunyonyesha. Maziwa yake yamejaa mafuta na protini kuliko ya wanyama wengi wa nchi kavu wanaokula nyama, kwa sababu mtoto atayangojea kwa siku kadhaa. Huyo anayeitwa mlafi anakwenda mbali ili tumbo la mwingine lishibe.

Tumbo lake nalo lina hekima. Taya huvunja mfupa, asidi huuyeyusha, na kinachotoka nje ni kinyesi cheupe kwa wingi wa kalisi. Uchunguzi wa damu uliofanywa katika ikolojia ya Serengeti umekuta fisi wengi wana kingamwili za kimeta, dalili kwamba wamekutana na ugonjwa huo bila kufa. Mzoga ambao ungeoza kando ya bwawa la ng'ombe anaumaliza yeye kabla haujaleta balaa kijijini. Mfugaji wa Meatu anayemlaani fisi kwa ndama aliyepotea, na ana haki ya kuumia, anapata pia huduma ambayo hakuilipia. Ametukuka aliyemweka mfagiaji porini kabla binadamu hajajua kwamba uchafu huleta maradhi.

Nyoka, kobe na mbuyu

Katika Kitabu cha Mwanzo nyoka anahukumiwa kwenda kwa tumbo. Picha hiyo imeenea katika fasihi za dunia nzima, kiasi kwamba mwandishi akitaja nyoka bustanini msomaji anajua mara moja kuna mtu atakayeanguka. Mkamate chatu wa Afrika, au afadhali mwachie mmoja wa Bayeye amkamate, maana Bayeye ni chama cha Wasukuma wacheza ngoma na nyoka ambao hujua pia dawa za sumu. Mtazame karibu na mwanzo wa mkia. Utaona kucha mbili ndogo, moja kila upande, na ndani ya misuli kuna mabaki ya mifupa ya nyonga. Ni alama za miguu. Mwanabayolojia anaona humo historia ndefu ya uumbaji, msomaji wa Mwanzo anakumbuka hukumu, na wote wawili wanatazama ukucha uleule. Lakini chatu huyohuyo jike, akishataga, hujiviringa juu ya mayai yake kwa wiki nyingi akiyalinda, mara nyingi bila kula. Uangalifu huo wa malezi haumo katika hukumu. Umo katika kiumbe.

Kobe anasimuliwa kuwa mdanganyifu aliyeanguka kutoka mbinguni, gamba likavunjika vipande na kuungwa upya. Chinua Achebe aliiingiza hadithi hiyo katika riwaya yake ya mwaka 1958, ambayo wasomaji wa Kiswahili wameijua kwa jina la Shujaa Okonkwo katika tafsiri ya Clement Ndulute. Mama anamsimulia binti yake usiku, na msomaji makini hutambua kwamba anguko la kobe linatangulia anguko la mtu mkubwa zaidi. Gamba lenyewe, ukilichunguza, halina ufa hata mmoja. Mistari ile ni mipaka ya vipande vinavyokua taratibu, na chini yake mbavu na uti wa mgongo vimeungana kuwa paa moja. Kobe huhisi ukimgusa gamba. Nyumba yake ni mwili wake, na mwili wake umeshonwa bila kosa.

Mbuyu nao husimuliwa kuwa ulipandwa kichwa chini kwa kiburi chake, mizizi ikielekea juu. Ukiukuta kiangazi kuelekea Eyasi, hauna jani hata moja, utaiamini hadithi. Kumbe mti huo huangusha majani kwa miezi mingi ili usipoteze maji, na shina lake pana limejaa maji yatakayousaidia kuchipua hata kabla mvua haijakolea. Maua yake hufunguka jioni, yakapokea popo. Hukumu ya msimulizi inasema mti umegeuzwa. Ukweli ni kwamba mti umesimama wima kuliko sisi tunaouhukumu.

Nyani wa Adili

Katika fasihi andishi ya Kiswahili, picha kali kuliko zote za dhambi na adhabu imo katika Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, iliyochapishwa mwaka 1952. Adili ni liwali mwema katika milki ya Mfalme Rai. Mjumbe wa mfalme anagundua siri ya kutisha: liwali huyu mwenye huruma anao nyani wawili nyumbani, na kila usiku huwapiga, kisha huwalisha na kuwahurumia. Mfalme, ambaye anawapenda wanyama, anamwita ajieleze. Ndipo inapofumbuka kwamba nyani wale ni ndugu zake wa damu, Hasidi na Mwivu. Walifuja urithi wao, akawasamehe na kuwagawia wake. Wakasafiri naye baharini, wakamwonea wivu kwa ajili ya msichana Mrembo, wakamtupa majini. Jini Huria, ambaye Adili aliwahi kumtendea wema, alimwokoa, akawageuza ndugu hao kuwa nyani na kumwamuru Adili awaadhibu kila usiku.

Tazama ustadi wa mtunzi. Adhabu haikumwangukia mkosaji peke yake. Aliyekosewa naye amefungwa ndani yake: mkono wake ndio unaoshika mjeledi, moyo wake ndio unaoumia. Shaaban Robert alikuwa anajua kwamba kisasi kina wafungwa wawili.

Asili ya kisa hiki imo katika Alfu Lela Ulela, ambako ndugu wanageuzwa mbwa, na ambako hata baada ya kusamehewa wanarudia uovu mpaka mauti. Mtunzi wetu alibadilisha mambo mawili. Aliwaweka nyani mahali pa mbwa, na akabadilisha mwisho: Hasidi na Mwivu wanajuta, wanarudishiwa ubinadamu wao, wanakuwa watu wema. Katika mikono yake adhabu ikawa njia ya kurudi nyumbani.

Lakini nyani wenyewe wanasemaje? Utafiti wa nyani wa Amboseli nchini Kenya, ulioanza mwaka 1971 na kuendelea kwa vizazi vingi, umeonyesha kwamba nyani jike mwenye uhusiano wa karibu na wenzake hufanikiwa zaidi kulea watoto mpaka wakavuka mwaka wa kwanza. Wanasafishana manyoya kwa saa nyingi. Wakigombana, mara nyingi mmoja humwendea mwenzake na kumgunia kwa sauti ya chini, na utulivu hurudi. Dume huweza kumkinga mtoto wa jike aliye rafiki yake. Kundi linalolala juu ya miti ya mto wakati wa kiangazi linaishi kwa udugu. Hasidi na Mwivu waliuvunja udugu, wakapelekwa kuvaa mwili wa kiumbe ambaye bila udugu haishi. Sidhani kwamba Shaaban Robert alikuwa na takwimu hizo mezani. Muumba alikuwa nazo, na mtunzi wa kweli huokota hekima hata asipojua imetoka wapi.

Mji wa mawe

Katika safari hiyohiyo Adili anaingia katika mji ambao wakazi wake wamegeuka mawe kwa uasi wao. Wapo waliokaa, wapo waliosimama, wote kimya, na katika ukimya huo amebaki Mrembo peke yake akiwa hai. Jiwe ni alama ya moyo uliokataa kusikia.

Msukuma anayeusoma ukurasa huo hana haja ya kwenda mbali kuupata mji. Nchi yake imejaa majabali ya matale yaliyopangana, mengine juu ya mengine, kuanzia Mwanza hadi mipaka ya Serengeti. Jioni, jua likiwa chini, baadhi yao huonekana kama watu waliokatizwa katika mazungumzo. Ila mawe hayo hayakugeuzwa kwa laana. Ni sehemu ya msingi wa kale wa bara la Afrika, wenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5. Yaliganda chini ya ardhi, udongo wa juu ukachukuliwa na mvua, maji yakaingia katika nyufa, joto la mchana na baridi ya usiku vikayamenya tabaka kwa tabaka mpaka yakawa mviringo.

Wala si mji wa wafu. Katika nyufa zake anaishi pimbi, mnyama mdogo asiye na mkia wa kuonekana, ambaye hadithi za kusini mwa Afrika humsema kwa uvivu: eti siku ya kugawa mikia alituma wenzake wamchukulie. Huyo mvivu wa hadithi ni miongoni mwa jamaa wa karibu zaidi wa tembo walio hai, na meno yake mawili ya mbele hukua bila kukoma. Juu ya jiwe lenye joto mjusi dume mwenye kichwa chekundu hutikisa shingo akilinda eneo lake. Mwandishi alihitaji mji wa mauti, akaupata katika jiwe. Muumba akautia wakazi.

Adhabu inayofanana na kosa

Watunzi wa mbali wamefanya kazi hiyohiyo. Dante, mshairi wa Italia aliyefariki mwaka 1321, aliiwazia kuzimu ambako kila adhabu hufanana na kosa lake. Waaguzi na wapiga ramli, waliodai kuona mambo ya mbele, huko wanatembea na vichwa vilivyogeuzwa nyuma, na machozi yao huteremkia mgongoni. Shakespeare alimfanya mke wa Makbeth anawe mikono akiwa usingizini, asiweze kuondoa damu ambayo hakuna mwingine anayeiona. Samuel Mushi aliuleta mchezo huo, Makbeth, katika Kiswahili mwaka 1968. Mushi huyohuyo alitafsiri Mfalme Edipode, tamthilia ya Sofokle, iliyotoka kwa Kiswahili mwaka 1971. Humo mfalme anamtafuta mkosaji aliyeleta tauni mjini, anamtukana mwaguzi kipofu, anawashuku watu wa nyumbani kwake, na mwishoni anagundua kwamba anayemtafuta ni yeye mwenyewe. Anajitoboa macho.

Huku kwetu kanda ya Ziwa, Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, alitoa Rosa Mistika mwaka 1971. Rosa anaanguka na kuangamia, lakini mwandishi hamruhusu msomaji kumbebesha msichana mzigo wote. Ukali wa baba yake Zakaria, ambaye ni mlevi, umo ndani ya kila hatua ya anguko hilo.

Ukiviweka visa hivi pamoja, kuanzia fisi wa njia panda hadi Edipode, utaona vina kanuni moja. Alama ya dhambi imewekwa ili msikilizaji ajitazame. Mtoto anayesikia habari ya fisi anaulizwa kuhusu mkono wake mwenyewe ndani ya chungu cha nyama. Msomaji wa Adili na Nduguze anaulizwa kuhusu ndugu yake. Hadithi ikimfanya mtu anyooshe kidole kwa mwenzake, hajaielewa, hata kama anaijua kwa moyo tangu mwanzo hadi mwisho.

Macho ya bibi

Usukumani tunajua gharama ya kuisoma vibaya.

Fisi wa hadithi alipotoka kwenye shikome akaingia katika uvumi, akapewa mpandaji: ilisemekana wachawi humpanda usiku. Na mchawi naye akapewa alama mwilini, macho mekundu. Kuanzia hapo haikuwa fasihi tena. Katika utafiti wake kuhusu mauaji haya, Simeon Mesaki alionyesha kwamba kati ya mwaka 1970 na 1984 watu zaidi ya 3,000 waliuawa Tanzania Bara kwa tuhuma za uchawi, sehemu kubwa wakiwa wa Usukumani, na wengi wao wanawake wenye umri mkubwa. Mauaji hayo hayakuishia hapo. Mapema mwaka 2015 Serikali ilipiga marufuku wapiga ramli, baada ya mashambulizi dhidi ya watu wenye ualbino. Hukumu ilikuwa inatolewa kwa rangi ya jicho na rangi ya ngozi.

Sasa tulitazame jicho hilo kama tulivyomtazama fisi. Kwa nini ni jekundu?

Kuanzia miaka ya 1920 misitu mingi ya Usukumani ilifyekwa ili kuangamiza mbung'o. Baadaye pamba ikapanuka, mifugo ikaongezeka, miti ikazidi kupungua. Kuni zikawa haba. Mwanamke asiye na kuni akapikia mabua ya pamba na kinyesi cha ng'ombe kilichokauka, ndani ya nyumba isiyo na dohani, asubuhi na jioni, miaka arobaini, miaka hamsini. Moshi ukamla macho. Vumbi na maradhi ya trakoma yakaongezea. Wekundu ule ni rekodi ya ugali aliowapikia watoto, wajukuu na wageni. Kila aliyekula katika nyumba ile ana sehemu katika jicho lile.

Hapa ndipo ajabu ya uumbaji inapogeuka kuwa hukumu juu yetu. Muumba aliliwekea jicho machozi ili lijisafishe, akaliwekea mishipa myembamba inayotanuka na kujaa damu linapoudhiwa, ili uponyaji ufike haraka. Wekundu wa jicho ni mwili unaojaribu kujiponya. Mtu akaja akauita ushahidi wa uovu. Dante aliwageuza waaguzi vichwa nyuma kwa sababu hiyohiyo: walidai kuona, na hawakuona kilichokuwa mbele yao.

Sikio la kikongwe

Wasukuma wenyewe wanayo hadithi inayoweza kulitibu jeraha hili, nayo ni ya kale. Jitu Shing'weng'we lilimeza watu wote na mifugo yao. Akabaki mwanamke mmoja mjamzito aliyejificha. Akajifungua mtoto, Masala Kulangwa, aliyekua upesi na kuuliza watu wako wapi. Alipoambiwa, alitoka kuliwinda jitu. Akaua panzi, akamletea mama yake kwa shangwe akidhani ndilo. Mama akamwambia silo. Akaua ndege, akarudi. Silo. Akaua mnyama wa porini. Silo. Mpaka siku alipolikuta lenyewe, akaliua, akalipasua tumbo, na watu wakatoka wakiwa hai pamoja na ng'ombe wao. Mapadre Joseph Healey na Donald Sybertz, waliokusanya masimulizi na methali za Wasukuma na kuziandikia kitabu mwaka 1996, walieleza jinsi Wakristo wa huku wanavyoona katika shujaa huyo sura ya Mkombozi.

Mambo mawili katika hadithi hiyo yanatuhusu leo.

La kwanza ni yule panzi. Mtoto mwenye hasira ya haki anaweza kumuua kiumbe asiye na hatia na kurudi nyumbani akishangilia. Aliokolewa na mama mwenye ujasiri wa kumwambia kwamba aliyemuua siye. Katika vijiji ambavyo vikongwe waliuawa, jitu lenyewe liliendelea kuwapo: ukame, homa ya watoto, ng'ombe waliokufa, umaskini. Waliouawa walikuwa panzi.

La pili hukumbukwa na wachache. Katika masimulizi mengi, Masala Kulangwa alipokuwa akipasua tumbo la jitu, kisu chake kilimkata sikio kikongwe mmoja aliyekuwa ndani. Bibi huyo alikasirika, akataka kumdhuru kwa uchawi. Msimulizi wa kawaida angempa shujaa haki ya kumwangamiza. Wahenga wa Usukumani hawakufanya hivyo. Walimfanya shujaa atafute dawa na kumtibu sikio, naye bibi akatulia. Hapo ndipo watu wakamfanya mtemi wao.

Yaani wahenga walijua kwamba hasira ya mzee huweza kuanzia kwenye jeraha tulilompa sisi, hata bila kukusudia. Walijua pia kwamba mtu hafai kutawala mpaka ajue kutibu. Kumbukumbu za masimulizi na utamaduni wa Wasukuma zimehifadhiwa katika makumbusho ya Bujora, Kisesa, lakini dawa yenyewe inahitajika Bariadi, Itilima na Meatu, nyumbani kwa nyumba.

Na kazi imekwisha kuanza. Mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulioanza mwaka 1986 wakati Bariadi, Maswa na Meatu zilikuwa bado ndani ya Shinyanga, uliwarudisha wananchi kwenye ngitili, maeneo ya malisho na miti yanayofungwa kwa msimu ili yapumzike, desturi ya mababu. Uoto ukarudi katika maelfu ya hekta, na mwaka 2002 mpango huo ukapata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Mti ukirudi, kuni hurudi. Kuni zikiwa kavu na jiko likiwa na dohani, moshi hupungua. Moshi ukipungua, jicho hupona. Uumbaji husamehe haraka kuliko binadamu, ukipewa nafasi.

Basi, ndugu msomaji, uwe wa Bariadi au wa mbali: endelea kuwasimulia watoto habari za fisi wa njia panda, maana tamaa bado ipo na inahitaji sura. Wasimulie na safari ya fisi jike kuwafuata nyumbu, ili wajue kwamba aliyekopeshwa sura ya mlafi ni mama mwema kwa watoto wake. Wafundishe kwamba hadithi ikitaja dhambi, anayeulizwa ni msikilizaji. Na kama una bibi au mama mwenye macho mekundu nyumbani, mpeleke kituo cha afya akachunguzwe trakoma, mjengee jiko lenye dohani, linda ngitili ya kijiji chako, na akitajwa vibaya mbele yako sema wazi, kama mama yake Masala Kulangwa alivyosema, kwamba siye.